Mdogo na kijana, nani huleta mafua nyumbani?

Umeuliza kama ni mtoto wa chekechea tu anayeleta homa ya mafua nyumbani, au hata kaka yake wa miaka 15. Wote wawili, ila kwa njia tofauti kidogo. Mtazame mdogo akicheza: anafuta kamasi kwa mgongo wa mkono, anashika gari la plastiki, mwenzake analipokea na papo hapo anajisugua jicho. Virusi vimeshahama. Tena watoto wadogo huweza kuambukiza kwa siku 10 au zaidi, wakati mtu mzima huwa siku 5 hadi 7 hivi.

Kijana yeye hukaa saa nyingi na wenzake chumba kimefungwa, wanacheka, wanapaza sauti, wanapokezana chupa ya maji. Na anaweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajahisi chochote, kwa hiyo ukisubiri akohoe ndipo umtenge, umechelewa. Fungueni madirisha, tafadhali. Matone madogo kabisa huelea hewani muda mrefu kwenye chumba kisichopitisha hewa. Na kama kuna kichanga ndani, wote wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba.