Corolla 110 inachemsha Kitonga: nina laki mbili na nusu, nianze wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Iringa. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia otomatiki. Niliinunua kwa mtu mwaka juzi. Mjini haina shida, lakini nikitoka Morogoro, nikianza kupanda mlima Kitonga mshale wa joto unapanda nao, na mara mbili imechemsha kabisa. Mafuta inakunywa mno, napata kilomita 8 kwa lita. Taa nazo ni hafifu. Nina laki mbili na nusu na spana zangu. Nilipanga kuongeza feni ya pili, kuweka balbu za wati 100 na kuinyanyua kwa spesa (vipande vya kuongeza urefu kwenye shokapu). Fundi wa huku alishatoa thamostati (vali ya joto ya njia ya maji ya injini) ili ipoe. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Jibu lako umeliandika mwenyewe mwishoni mwa barua: thamostati imetolewa. Kabla ya kuongeza chochote kwenye gari hilo, nataka kila kilichotolewa kirudi.

Nimeshika spana Msamvu, Morogoro, kwa miaka 22, na Corolla 110 nyingi zinazoletwa kwangu kwa kuchemsha hazina ugonjwa mkubwa. Zimepungukiwa. Kila fundi aliyezifungua alibakiza kitu mkononi: leo thamostati, kesho kava la plastiki linalozunguka feni, keshokutwa klipu ya mpira wa maji au lile plastiki la chini ya injini. Gari lililotoka kiwandani likiwa na uwezo wa kupanda mlima wowote linabaki na nusu ya vifaa vyake, kisha tunalilaumu kwa uzee.

Ifikirie Kitonga yenyewe. Umetoka Ruaha Mbuyuni, joto la bondeni, halafu unaingia kwenye kona nyuma ya lori lenye tela linalotambaa. Injini inavuta kwa nguvu zake zote, lakini gari linakwenda kilomita 20 kwa saa, hivyo upepo wa barabarani haupo. Kazi yote ya kupoza inabaki kwa feni na rejeta. Zaidi ya hapo, kwenye gari la otomatiki mafuta ya gia nayo hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo, na gia zinapopanda mlima huzalisha joto jingi. Mjini hulioni tatizo kwa sababu Iringa kuna baridi na safari ni fupi.

Sasa kuhusu thamostati. Watu wengi wanaamini inazuia maji, kwa hiyo ikitoka maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Katika injini nyingi za Toyota thamostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, wakati huohuo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji yako inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta, na hasara hiyo utaihisi pale tu joto linapozidi, yaani Kitonga. Asubuhi ya Juni pale Iringa mambo yanageuka: injini haifikii joto lake la kazi, kompyuta ya injini inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kuongeza petroli. Kilomita zako 8 kwa lita naamini sehemu yake kubwa imetoka hapo.

Kabla hujanunua kitu, fanya kipimo kimoja cha bure, kwa sababu gari lililochemsha mara mbili linaweza kuwa limeunguza gasketi ya silinda hedi. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji, washa injini uangalie mdomoni. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonasa. Yakiendelea kutoka mfululizo kila unapokanyaga mafuta kidogo, au ukikuta uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, simama hapo. Pesa yako yote iende kwenye gasketi na kunyoosha hedi, mengine yasubiri. Na kifuniko hicho, nakusihi, usikifungue injini ikiwa ya moto. Nimeona uso wa kijana ulioungua kwa mvuke wa rejeta na sitausahau.

Kipimo kikiwa kizuri, nunua vitu vitatu: thamostati mpya ya injini ya 5A, kifuniko kipya cha rejeta na kulanti (dawa ya maji ya rejeta). Kifuniko watu wanakidharau sana. Pale Iringa, takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima chenye namba 0.9, yaani kiwango cha presha, kinayabana maji hadi yaweze kufika karibu nyuzi 115 bila kuchemka. Raba yake ikikauka au springi ikilegea, umepoteza nyuzi 20 za usalama kwa kitu kinachokaa kiganjani.

Thamostati ijaribu kabla ya kuifunga, hasa ukiinunua kwenye meza ya spea. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, kisha bandika jikoni. Namba iliyogongwa kwenye bati lake, mara nyingi 82, ndiyo nyuzi inapoanza kufunguka. Maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka wazi, na ukiiacha ipoe ijifunge yenyewe. Unapoifunga kwenye gari, kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu ili hewa ipate pa kutokea, na raba yake ya pembeni iwe mpya.

Kusafisha mfumo hakuhitaji dawa ya gharama. Mwaga maji ya zamani, ingiza mpira wa bombani, acha maji yapite mpaka yatoke meupe. Kisha changanya kulanti na maji safi yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu, isipokuwa kama chupa inasema imeshachanganywa. Maji ya kisima peke yake ndiyo yanayoota kutu na magadi ndani ya rejeta. Jaza polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi, fungulia hita upande wa moto, ongeza maji yanaposhuka mpaka thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani gari litachemsha na thamostati mpya italaumiwa bure.

Nje ya rejeta napo kuna kazi. Kati yake na kondensa (ile rejeta nyembamba ya AC iliyo mbele yake) hukaa vumbi, majani na wadudu waliokufa. Piga maji kwa presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na upepo unavyoingia. Presha ya kuoshea magari inalaza mapezi ya rejeta, usiitumie.

Feni ya pili sikushauri, kwa sababu bado hatujui kama ya kwanza inafanya kazi yake. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo swichi ya joto ya feni ipo katika hali ambayo ukichomoa soketi yake huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, angalia fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na mota. Ikizunguka kivivu, mota imechoka au waya wa athi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, una kutu. Weka mikono mbali, kwani inaweza kuanza ghafla. Halafu tazama kama kava linaloizunguka lipo. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni kutoka palepale kwenye injini na kuacha sehemu kubwa ya rejeta bila upepo. Kava la mtumba kutoka eneo la Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, lina faida kuliko feni mpya, na ndilo ambalo ningekimbilia kulitafuta.

Tukirudi kwenye mafuta, sufuria ile usiioshe kwanza. Sensa ya joto ya kompyuta, yenye waya mbili (ya mshale wa dashibodi ni nyingine), nayo hupimwa humo kwa mita ya umeme ya bei ndogo. Kwenye nyuzi 20 isome kati ya kilo-omu 2 na 3, kwenye nyuzi 80 ishuke hadi kati ya 0.2 na 0.4. Ikikwama kwenye usomaji wa baridi, kompyuta itamwaga petroli siku nzima hata thamostati ikiwa mpya.

Gari lako pia linaweza kujieleza bila mashine ya kupimia. Chini ya boneti tafuta kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Injini ikiwa imezimwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila kupiga stata, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimweka haraka kwa mwendo mmoja bila kusimama, kompyuta haijaona kosa. Mimweko miwili, kimya, miwili tena ni 22, sensa ya joto la maji. Miwili kisha mmoja ni 21, sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Soma majina ya matundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza fyuzi au kitu kikubwa zaidi.

Plagi zitoe uzitazame. Nyeusi zenye masizi makavu zinathibitisha kuwa petroli ni nyingi. Nafasi ya kwenye ncha iwe kama kitabu cha gari kinavyosema. Unapozirudisha anza kwa vidole, kwa sababu hedi ni ya alumini na meno yake ya skrubu hukatika kirahisi. Baada ya hayo pima upya: jaza tangi mpaka pampu ijikate, tembea, kisha jaza tena pampu hiyohiyo. Injini ya 5A iliyo nzima, barabara ndefu, kwangu haijawahi kushuka chini ya kilomita 12 kwa lita.

Taa: balbu za wati 100 usiziweke. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 kwa mwanga mkubwa na 55 kwa mdogo. Wati 100 zinavuta ampea zaidi ya 8 kwenye waya na swichi za umri wa zaidi ya miaka 25, na soketi nilizokuta zimeyeyuka kwa sababu hiyo ni nyingi. Pima volti kwenye soketi ya taa injini ikiwa inanguruma. Betri ikipata 14 na taa zinapata 12, mwanga wako unaishia njiani. Sugua waya za athi kwa msasa pale zinapogusa bodi, kisha funga relei mbili zinazochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi. Balbu zilezile zitakushangaza. Kama kioo cha taa kimekuwa cha njano, kigonge kwa kucha: kikilia kama plastiki kipitishe msasa wa maji namba 800, 1000 na 2000, ung'arishe, umalizie kwa vanishi inayozuia jua, la sivyo unjano utarudi mapema. Kikilia kama glasi, usikiguse kwa msasa.

Spesa ziache mwaka huu. Zinapinda pembe ya drive shaft (mhimili unaozungusha tairi), zinavuta mipira ya breki na kuharibu alaimenti, yaani mnyooko wa tairi. Kama unavaa tairi za 175/65R14, zitakapokwisha funga 175/70R14. Gari litapanda karibu milimita 9 bila kugusa shokapu, na spidi yako halisi itazidi ya kwenye saa kwa asilimia 3 hivi. Na chochote utakachofanya chini ya gari, tumia stendi. Usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo, chagua asubuhi. Ukiacha Ruaha Mbuyuni, zima AC na zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), na nyuma ya lori tumia gia ya 2 ili pampu ya maji izunguke vizuri. Mshale ukivuka katikati, fungulia hita upande wa moto hata kama utatokwa jasho. Mshale ukizidi kupanda, paki pembeni penye nafasi, acha injini ingurume huku feni ikifanya kazi. Ukifika Ilula simama kwenye nyanya, usizime mara moja, subiri dakika mbili, kisha angalia chini ya rejeta kama kuna tone. Uniandikie mshale ulifika wapi.