Vijana wa mota, hiyo 15 ni ya nini?

Juzi hapa Kondele kijana wa atachi, anayejifunza kazi kwangu, ameniletea mota ya 7.5 akaniambia "ni ile ile, bosi." Nikamuuliza 7.5 ya nini, akanyamaza. Wadogo zangu nawapenda lakini hili nimelisema mpaka koo limekauka.

1. Soma pleti yote ya mota, namba na herufi zake: kW ni kilowati, yaani wati 1,000, na HP ni hospawa, nguvu ya farasi. Hospawa moja ni wati 746.

2. Jueni hospawa ilikotoka, haitawatoka tena kichwani. Miaka ya 1780 James Watt alikuwa anauza injini za mvuke Uingereza, na wateja wake walikuwa watu wa kuzungushia mashine na farasi, swali lao ni moja, hii yako itafanya kazi ya farasi wangapi? Akachukua hesabu ya farasi wa kinu: yuko futi 12 kutoka katikati, anazunguka mara 144 kwa saa, anavuta pauni 180. Piga mwenyewe, inakuja kama futi-pauni 32,570 kwa dakika, yeye akaweka 33,000. Kwa hivyo ni kazi ndani ya muda, si ukubwa wa mota. Na ile wati nayo imepewa jina lake!

3. Sasa hii iliniuma. Mama mmoja Ahero alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, mota ya kilowati 15 ikaungua, mimi nikaenda dukani na "15" kichwani nikarudi na hospawa 15, ambayo ni kilowati 11 tu. Bila mzigo ikazunguka vizuri, nikalipwa nikaenda. Mpunga ukiingia, ovalodi, ile swichi ya kukata umeme mota ikivuta kupita kiasi, inatripu. Nikaitwa, na badala ya kuangalia pleti nikapandisha ovalodi kutoka ampea 21 hadi 28, nikamwambia aendelee. Siku ya tatu nafungua kifuniko, waya nyeusi tititi, vanishi inanuka mpaka barabarani, na nje watu wamekalia magunia yao wanangoja, wengine wametoka mbali na boda. Mama hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mwanangu, si ulisema ni ile ile?" Mota nyingine nililipa mimi, miezi minne, na lile swali bado nalisikia.

4. Ovalodi ikitripu, tafuta sababu kwanza. Klampu mita za kupima ampea mnazo.

Na wewe wa juzi, ya mteja ni kilowati 7.5, yaani hospawa 10. Uliyoleta ni hospawa 7.5. Iko juu ya meza, irudishe kabla duka halijafungwa.