Jibu: Kiwanja kikubwa Mbalizi au kidogo karibu na Mwanjelwa?

Ndugu, umeuliza ununue kiwanja kikubwa kule mbele ya Mbalizi au kidogo karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, kwa bei ileile. Mimi ningechukua kidogo. Mbeya imejinyoosha kando ya barabara kuu ya Zambia, toka Uyole hadi Mbalizi, na anayehamia pembeni anategemea bajaji hata kwa chumvi.

Kabla hujalipa, nenda kwa miguu, tena mwezi wa pili mvua ikiwa imekolea. Hesabu dakika za kufika dukani, shuleni, zahanati. Mtaani kwetu kulikuwa na kichochoro cha kwenda shule. Majirani wawili wakakiziba kwa ukuta. Sasa watoto wanazunguka hadi kwenye lami, viatu mkononi kwa sababu ya tope, malori yakiwapita ubavuni. Inaniuma kila asubuhi.

Kama eneo linaingia kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa rasmi kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, wahi mkutano wa mtaa kabla bikoni (alama za mipaka ya viwanja) hazijawekwa, udai njia za miguu zichorwe kwenye ramani. Ukuta ukishasimama, ni kesi ya miaka.

Hicho cha Mbalizi kina njia ngapi za kuingilia?