Fundi wa Igoma Anajibu: Kunyonga Hadi Butiama kwa Ajili ya Wagonjwa

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja: vijana wa Mwanza wanataka kunyonga baiskeli masafa marefu, wawili wawili, ili wachangishe fedha za wagonjwa. Nimechagua chache. Mlioniuliza bei ya baiskeli ya Phoenix iliyotumika, njooni kijiweni tuongee, mambo ya bei hayajibiwi gazetini.

Rafiki yangu ana selimundu na anataka twende wote

*Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyegezi. Mwezi wa saba mimi na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari tumepanga kwenda Butiama kwa baiskeli, tuchangishe fedha za dawa kwa watoto wenye selimundu. Yeye mwenyewe anao ugonjwa huo, na wazo lilitoka kwake. Mama yake hataki hata kusikia. Mimi nina baiskeli ya gia, yeye ana Phoenix aliyoachiwa na marehemu baba yake. Nimwambie abaki, au twende? – Mwalimu, Nyegezi*

Marahaba, mwalimu. Barua yako ina habari ya mwili na habari ya baiskeli. Ya mwili haifunguliwi kwa spana. Rafiki yako aende kliniki yake, na aende na mama yake, amuulize daktari: "Kwa hali yangu, naweza kunyonga kilomita ngapi kwa siku, na nikiona dalili gani nisimame?" Asiulize "Naweza kwenda?" Swali la namna hiyo hujibiwa "hapana" na kikao kinaishia hapo, kisha atatoroka aende bila ushauri wowote. Daktari akiyasikia yote na bado akakataa, basi amekataa, na hapo chini nimemwekea kazi nyingine.

Ninayoyajua nimeyajulia nyumbani, maana nina mjukuu mwenye selimundu. Chembe zake nyekundu za damu zikipungukiwa oksijeni hujipinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti vizuri, na maumivu yanaanza. Yanachochewa na kukaukiwa maji mwilini, baridi, uchovu mkubwa, na maradhi mengine kama malaria. Sasa angalia safari yenu ina nini ndani yake: jasho, uchovu, na asubuhi za Julai za huku kwetu ziwani. Mjukuu wangu, ikifika Julai, bibi yake humvalisha soksi kitandani kabla hajakanyaga sakafu, na chupa yake ya maji ameitilia kamba ivaliwe shingoni, kwa sababu mtoto akiiweka kwenye begi anaisahau mpaka kengele ya mwisho.

Kwa hiyo rafiki yako akiruhusiwa, ratiba inakuwa yake. Kutoka Mwanza hadi Butiama ni kama kilomita 200 kwa njia ya Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, kisha mnafika Kiabakari mnaingia kulia. Kijana wa mashindano anaweza kuimaliza kwa siku moja, akafika hajaona kitu. Nyinyi igaweni: Magu, Lamadi, Bunda, Butiama, mnalala kila mahali. Kipande cha Lamadi hadi Bunda ni kifupi na nimekiacha kifupi makusudi. Hapo mnapita jirani na geti la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, na tembo hawasomi mabango ya mpaka. Pitieni mchana kweupe. Mwalimu Nyerere aliitembea njia hii kwa miguu Oktoba 1967, yeye akitokea Butiama kuja Mwanza, kuunga mkono Azimio la Arusha. Alilala njiani na hakuna aliyemcheka.

Msitoke gizani. Mwezi wa saba jua la Mwanza huchomoza karibu saa moja, kwa hiyo ratiba za watu wa Dar es Salaam za kuondoka saa kumi na mbili huku ni za usiku na za baridi. Ondokeni saa moja na nusu, yeye akiwa na sweta, avue akishapata joto. Nyongeni hadi saa tano, mpumzike kivulini, mmalizie kuanzia saa tisa. Kila robo saa umwambie "maji," naye anywe hata kama hana kiu. Atakuchukia kufika Kisesa. Mwache akuchukie.

Barabarani yeye akae mbele, wewe nyuma yake, wala msiende sambamba mkipiga soga, maana malori ya kwenda mpakani Sirari hayana subira na bega la barabara ni jembamba. Najua watu wa mashindano watasema mwenye nguvu ndiye hutangulia akate upepo. Sawa, upepo wa mbele ukizidi tangulia, ila mwendo autaje yeye. Mwenye miguu mizuri akitangulia humvuta mwenzake bila kujua, na mwenzake kwa kuona haya hatasema amechoka.

Na ile baiskeli ya gia mpe yeye. Naam, wewe utapanda Phoenix ya marehemu. Ni chuma kizito, lakini wewe ndiye mzima. Mwinuko ukikushinda shuka usukume.

Homa, maumivu ya kifua, pumzi kubana, au maumivu ya viungo yasiyotulia: baiskeli zipande gari na mwende hospitali saa ileile. Usimpe panado ukasema tuone kesho. Kabla ya kuondoka tafuteni mtu mwenye pikapu au bajaji ya mizigo atakayepokea simu yenu siku zote hizo, na namba yake iwe kwenye simu zote mbili.

Daktari akikataa, rafiki yako apande gari la kubeba maji. Yeye ndiye aseme na watu vituoni, maana hakuna atakayeueleza ugonjwa huu kuliko yeye. Na muulizeni daktari mapema, kabla ya safari, kama anaweza kunyonga kile kidogo cha mwisho tu, kutoka Kiabakari kuingia Butiama.

Hela ya mchango na hela ya ugali

*Fundi, mimi na mwenzangu tunachangisha kwa ajili ya wodi ya watoto. Yeye anasema chakula chetu na gesti zitoke kwenye mchango kwa sababu sisi ndio tunaochoka. Naona aibu kumpinga. – Jina tunalo, Pasiansi*

Mpinge. Mtu wa Kirumba aliyetoa elfu tano yake amemtolea mtoto aliye kitandani. Hakukutolea wewe sato wa kukaanga pale Lamadi. Kama hamna nauli ya tumbo, semeni wazi tangu siku ya kwanza kwamba kuna mchango wa wodi na kuna mchango wa njiani, kila mmoja na namba yake ya simu na daftari lake. Watu wataelewa. Wapo watakaochangia njiani kwa furaha zaidi, tena wengine watawapikia. Ubaya ni kumchanganyia mtu bila kumwambia.

Na kabla hamjachapisha fulana, nendeni hospitali yenyewe, muone watu wa ustawi wa jamii, muulize wodi imepungukiwa nini. Nimeona msafara uliofika na fulana za rangi tatu, kofia, bango la mita kadhaa, na mpiga picha wa kukodi, halafu kilichokabidhiwa ni sabuni. Fulana moja ya zamani yenye rangi ya kung'aa inatosha, dereva akuone.

Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa msiisahau. Mtendaji atawauliza maswali mengi, yajibuni. Mkifika kijiji msichojulikana na kopo la michango mkononi, ile karatasi yenye muhuri ndiyo itakayosema nanyi mkiwa mmeishiwa maneno.

Spoku za nyuma

*Fundi, kila nikifunga mzigo kwenye keria spoku za nyuma zinakatika, na nabadilisha kila siku. Tunataka kwenda mbali na jirani yangu. – Magu*

Zinakatika wapi? Nina hakika zinakatika pale zinapojikunja kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, na upande wa cheni zaidi. Hapo tatizo siyo spoku iliyokatika, ni zile zilizobaki zimelegea. Spoku iliyolegea hukazika na kulegea kila gurudumu linapozunguka, mpaka inachoka shingoni na kukatika. Wewe unabadilisha moja, jirani zake bado zinacheza, wiki inayofuata zinafuata.

Pindua baiskeli, kaa chini, uzipige kwa kidole moja moja. Za upande mmoja zinatakiwa kulia sauti moja. Itakayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea, ikaze robo mzunguko, usogee kwa nyingine, urudi tena. Usikaze moja mpaka mwisho, ringi itacheza nane. Kama upande wa cheni umeshakata mara kadhaa, ng'oa zote za upande huo uweke mpya za aina moja. Ukichanganya za dukani na zile ulizookota kwenye baiskeli nyingine, urefu hautalingana hata ukaze vipi.

Mzigo nao ushuke chini, ugawanywe kulia na kushoto. Watu hupanga begi juu ya keria likawa refu kuliko dereva, baiskeli ikienda mkia unayumba, na kila myumbo ni wa spoku. Siku kadhaa kabla ya safari weka mchanga wenye uzito uleule, uende Kisesa na kurudi, kisha uzipige tena usikilize.

Funga spoku chache za akiba kwenye fremu kwa mpira wa tyubu kuukuu. Beba funguo yake, viraka, solusheni, msasa, pampu, na tyubu nzima moja kila mtu. Kuanzia Lamadi kuna miiba ya migunga, hiyo haichagui tairi mpya. Kabla ya kurudisha tyubu pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba ukiubakiza, utaziba pancha ileile hadi giza liingie.

Majirani wanasema

*Fundi, habari za kazi. Binti yangu na shoga yake wanataka kwenda na baiskeli hadi Bunda kuchangia wagonjwa wa fistula. Wamenunua suruali za kunyongea. Majirani wananiuliza nimemlea vipi. Mimi sina neno na suruali, ila naogopa wapi watalala. – Mama, Kirumba*

Mama yangu, nzuri kabisa. Umeshajibu nusu ya swali mwenyewe: suruali haina neno. Sketi ndefu na cheni ni maadui, nimeshakata sketi nyingi kwa mkasi kijiweni pangu mwenye nguo akiwa bado amekaa kwenye siti. Hao majirani kama hawatachangia, wakae na maneno yao.

Kulala ndiko kwa kufikiria. Wasitafute gesti usiku wakishachoka. Ulizia sasa hivi hosteli za parokia, au ndugu, au mwalimu wa kike unayemfahamu Magu na Lamadi, na wewe uzungumze na mwenyeji kwa simu kabla. Waingie mahali pa kulala saa kumi jioni, si saa mbili usiku. Wapige simu kila wakiondoka na kila wakifika. Wasipige wakiwa njiani, simu mfukoni.

Na chakula wape cha nyumbani. Biskuti za dukani zinaisha nguvu haraka. Wape matobolwa, kile kiazi kilichochemshwa kikakaushwa. Hakiharibiki njiani, kinajaza tumbo, na ukikitafuna huku unanyonga kinakupa sukari yake taratibu. Wasukuma walikula hivyo wakiwa mbali na nyumbani kabla hatujaletewa makopo ya unga wa nguvu. Chumvi kidogo kwenye maji, au pakiti za ORS za zahanati. Kwa makalio hakuna dawa zaidi ya mazoezi: waanze leo, jioni kwa jioni, siti iwe na urefu wa kumwezesha kukunjua mguu karibu wote pedeli ikiwa chini. Wengi wenu mnapanda siti imeshuka kama mmekaa kwenye kigoda, magoti yanauma halafu mnalaumu barabara.

Tukifika tujitupe ziwani?

*Fundi, tumepanga tukifika Lamadi tuingie ziwani kupoza miguu na kupiga picha. Kuna ubaya? – Wawili, Buhongwa*

Picha pigeni mkiwa mchangani. Majini msiingie. Ufukwe wa ziwa letu una kichocho, na vimelea vyake hutoka kwa konokono walio kwenye majani ya kandokando, vinapenya ngozi nzima isiyo hata na kidonda, tena vinatoka kwa wingi mchana wa jua, ndio wakati mtakaokuwa mmefika. Mamba na viboko sizungumzii, hao mnawajua. Na mwenye selimundu akijitupa kwenye maji ya baridi akiwa na joto la kunyonga, anaweza kuamsha maumivu palepale.

Ogeni maji ya bomba gesti, au maji ya ziwa yaliyochotwa yakakaa kwenye ndoo siku mbili, hapo vimelea vimeshakufa. Atakayeingia kwa ubishi, aende akapimwe miezi miwili hivi baada ya safari, mkojo na choo. Dawa ya prazikwanteli ipo.