Pembe za picha kung'aa baada ya kugawa kwa flati

SWALI: Nafundisha vijana kupiga picha za anga kwa darubini yenye kamera ya CCD (kihisi cha mwanga cha kielektroniki). Picha zetu ni za sekunde 60, ila picha ya giza tuliyo nayo, yaani iliyopigwa bila mwanga kuingia, ni ya sekunde 300. Tuliigawa kwa 5, tukaitoa kwenye picha zetu, kisha tukagawa kwa flati ya machweo, yaani picha ya anga yenye mwanga sawa inayoonyesha pembe na vumbi vinapunguza mwanga kiasi gani. Sasa pembe zinang'aa kuliko katikati, na vivuli vya vumbi vimekuwa vyeupe. Flati yetu ni mbovu?

JIBU: Mwalimu, flati msiitupe. Kivuli kikigeuka cheupe, mmesahihisha kupita kiasi, na hapa chanzo ni ile 5.

Picha ya giza ina vitu viwili. Kuna hesabu zinazotokana na joto la kamera, ambazo huongezeka kadiri muda unavyokwenda; hizo zinagawika vizuri. Kuna pia biasi, kiasi ambacho kamera huongeza kwenye kila pikseli hata muda ukiwa sifuri. Hiyo haitegemei muda, nanyi mmeigawa pamoja na joto.

Tuseme biasi ni 1,000, hesabu za joto kwa sekunde 300 ni 50, mwanga wa anga ni 200, na pembe hupata asilimia 80 ya mwanga wa katikati. Picha ghafi itasoma 1,210 katikati na 1,170 pembeni. Giza lenu, 1,050, likigawanywa kwa 5 ni 210. Mkilitoa mnabaki na 1,000 na 960. Flati ni 1 katikati na 0.8 pembeni, kwa hiyo mnapata 1,000 na 1,200, ilhali anga ilikuwa sawa kote!

Toeni biasi kwanza kwenye kila picha, flati ikiwemo. Giza linabaki 50, sehemu yake ya tano ni 10. Anga inabaki 200 na 160, na 160 ikigawanywa kwa 0.8 ni 200. Mkisahau biasi kwenye flati peke yake, pembe zitabaki na giza.

Mimi ningepiga picha za giza za sekunde 60, kamera ikiwa kwenye jotoridi lilelile. Hizo hutolewa zilivyo, na biasi haitolewi tena kwenye picha hizo za anga; kwenye flati bado hutolewa.

Kabla vijana hawajagusa programu, wape pikseli moja ya pembeni waikokotoe kwa mkono. Programu itagawa chochote bila kulalamika; kijana aliyeiona 1,200 kwenye daftari lake atauliza imetoka wapi.

Usiku wenu haujapotea, maadamu picha ghafi zipo. Hata vipimo vya nyota mojamoja havikuumia sana, kwani anga ya jirani hutolewa wakati wa kupima. Galaksi pana ndizo za kukokotoa upya.