Mosfeti na aisi kufia kwenye kopo: baridi haina kosa

Mkuu wa Mafinga umeuliza kwa nini mosfeti (transista za kuwasha na kuzima umeme) ulizonunua mpya, ukazihifadhi kwenye kopo la biskuti, zinasoma shoti kabla hata hazijafungwa kwenye bodi, na kama ni baridi inayoziua. Baridi haiui kitu. Kinachoua ni umeme tuli, yaani chaji inayojikusanya mwilini na kwenye nguo, na huku kwetu, Mbeya hadi Njombe, kiangazi ndio msimu wake: hewa kavu, na fundi amevaa sweta la akriliki la mtumba.

Cheche unayoihisi kidoleni imeshafika kama volti 3000. Geti, ule mguu wa kuiamuru, kwa mosfeti nyingi mwisho wake ni volti 20, kwa hiyo unaitoboa bila kuhisi chochote. Kupima, gusanisha miguu mitatu kwanza ili chaji iishe, kisha mita kwenye omu, kati ya G (geti) na S (sosi). Isisome kitu, hata ukigeuza waya. Ila usiamini sana: iliyojeruhiwa nusu hupita kipimo, ikaja kufia kwenye TV ya mteja.

Umesema umezichomeka kwenye lile povu jeupe linalokuja na TV kwenye boksi. Hapo ndipo penye tatizo, hakuna kitu kibaya kuliko hicho. Mfuko wa nailoni na selotepu vinafuata. Mfuko wa pinki wa kuhifadhia vipuri wenyewe hauzalishi chaji, basi. Cheche ya nje inapenya. Aisi (chipu), RAM na bodi zinataka mfuko wa rangi ya fedha, usiotoboka, mdomo umekunjwa. Mafundi wa kompyuta wanaitupa kila siku, waombe.

Kwa kuchomeka miguu ya mosfeti na aisi, tumia sponji nyeusi inayopitisha umeme. Chomeka waya za mita sentimita moja kutoka kila mmoja: nyeusi ya kweli inasoma, mara nyingi kiloomu kadhaa. Isiposoma, ni sponji ya kufungia mzigo tu. Ikianza kumomonyoka itupe, inakula miguu. Ukiikosa, foili ya jikoni inafaa, lakini usifungie bodi yenye betri ya saa, utapiga shoti.

Kopo la bati libaki, ni zuri, ila usimwage humo aisi zisizo na mfuko. Masika weka vifuko vya silika (vya kunyonya unyevu) pamoja na mifuko ya fedha, siyo ya pinki. Dawa iliyo kwenye mfuko wa pinki inafanya kazi kwa kunyonya unyevu wa hewa, ukiukausha umeiua.

Mkanda wa mkononi wa kumwaga umeme tuli ardhini upime kutoka bati la ngozini hadi klipu: megaomu 1. Ukisoma sifuri usiuvae, maana hiyo rezista ndiyo inayokuokoa ukigusa 230. Halafu hakikisha ethi ya soketi imefika ardhini kweli. Nyumba nyingi tundu lipo, waya haupo.

Rezista, rilei, kapasita na 7805 (regyuleta ya volti 5) weka hata kwenye chupa tupu ya maji, usizipotezee mifuko. LED za bluu na nyeupe ndizo watu wanazidharau. Hizo zinakufa kwa umeme tuli, ziweke na aisi.