Niliuza gari nikarudi kwenye basi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nina miaka 35, nataka kuchukua mkopo ninunue gari. Unanishauri nini?" Nimekaa na ujumbe huo siku mbili, maana umenigusa penye kidonda.

Gari nilikuwa nalo, Vitz ya mkopo wa miaka mitatu. Nakaa Kimara, Dar es Salaam, kazi Posta, katikati ya jiji. Nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri kukimbia foleni ya Ubungo, nikifika nalala ndani ya gari mpaka ofisi ifunguliwe. Jioni hivyo hivyo. Siku moja nilikaa saa mbili nzima kati ya Magomeni na Ubungo, mwanangu akapiga simu kuuliza kama nitamkuta macho. Sikumkuta. Usiku ule nikapiga hesabu ya mafuta, maegesho, bima na fundi: theluthi ya mshahara.

Nikaliuza 2017. Mabasi ya Mwendokasi yalikuwa yameanza Mei 2016, nauli wakati huo shilingi 650, na yana njia yake katikati ya Barabara ya Morogoro. Magari yameganda Manzese, sisi tunapita.

Shemeji yangu alisema mbele ya ukoo mzima, kwenye shughuli: "Mwenzetu kafilisika." Nilinyamaza. Mpaka leo nikiikumbuka kauli ile koo linanikaba. Lakini kiwanja changu cha Kibaha kimetokana na pesa ya mafuta, na hati ina jina langu. Ndugu zangu, tunanunua magari kwa ajili ya macho ya ukweni, halafu ada za watoto tunakopa. Tuache!

Sisemi basi ni raha. Asubuhi tunabanana, mkoba uuvae kifuani. Mvua kubwa zikinyesha, Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa. Siku hizo mimi hulala kwa dada yangu Upanga. Viatu vya kazi naviacha chini ya meza, njiani ni raba. Jioni sigombanii basi Posta ya Zamani, natembea mpaka Kivukoni linakoanzia, napata siti. Kutembea huko kumenipunguzia hata maumivu ya mgongo.

Mdogo wangu, kabla hujasaini huo mkopo, panda basi wiki mbili. Kila siku andika umetoka saa ngapi, umefika saa ngapi, umetumia kiasi gani. Kisha nitumie hiyo karatasi, tuisome pamoja.